Dada Anayetulalia

Siku hizi kila nyumba ina mtu mmoja wa kuwalalia wengine usingizi wao. Kwetu ni dada yangu Mwanahawa, bingwa wa kukoroma. Mimi sijalala mwaka wa nne huu, na nyumba nimeshaipaka rangi mara saba. Tatizo ni dogo tu: mambo yako ya mchana humkaa kichwani yule aliyekulalia, si wewe.

Leo asubuhi binti yangu Shani alijikwaa, akalia. Nikataka kumwimbia wimbo niliomtungia mwenyewe, ukanipotea wote. Mwanahawa akauimba mpaka mwisho.

"Baba Shani," mke wangu akacheka, "hata wimbo umemwachia wifi? Kesho utanisahau na mimi."

Nikacheka pia. Kisha nikatandika mkeka, nikajilaza, nikamnong'oneza dada: "Ukishafumba macho, unafanya nini?"