Chai Bila Tangawizi

Siku hizi mchezaji wa mpira wa Kimarekani akigongwa kichwa, harudi uwanjani mpaka anayeishi naye athibitishe kwamba ni yule yule. Ligi hunipigia simu kila asubuhi.

Siku kumi tangu mume wangu Mwakio agongwe, nimempikia chai bila tangawizi, makusudi. Ameinywa kimya, yeye aliyekuwa akinigombeza kwa hilo tu. Leo ameonja, akakunja uso.

“Wakesho, hii ni chai au maji ya moto?”

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Simu ikalia.

“Mama Mghoi, fainali ni Jumamosi. Mumeo ni yule yule?”

“Bado,” nikasema.

Mwakio alinisikia. Akachukua kinu, akatwanga tangawizi ya vikombe viwili.