Nyumba ya Koboko

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Nachingwea iliamka na ukungu na baridi.

Brigita alimfungia nyuma ya kioo koboko, nyoka mwenye sumu kali aliyemuua mumewe kwenye mikorosho ya Nkowe. Ndani ya kioo hicho aliujenga mwenyewe msitu mdogo kwa mianzi, magunia ya korosho na mpira wa maji uliotobolewa kwa sindano ili unyunyize kama mvua.

"Shemeji, zima hiyo taa ya joto," mdogo wa marehemu alimnong'oneza. "Kesho atakuwa kamba tu."

Mkono wa Brigita ulifika kwenye swichi. Ulimi mweusi ukagusa kioo, mbele ya pua yake.

Akaurudisha mkono, akafanya ishara ya msalaba.

"Mungu akupe maisha marefu, muuaji," alisema kwa sauti, mafundi waliokuja kumfungia kioo wote wakisikia. "Chumba hiki hakitapoa. Nitakutunza humu mpaka uzeeke, na jua hutaliona tena."