Kumnadi Mpinzani

Sheria ilimtaka kila mgombea amnadi mpinzani wake kwenye mkutano wake wa mwisho wa kampeni. Bi Tunu alikwishamnadi Shaweji jana yake. Leo Shaweji alimlipa kwa haki. Alieleza jinsi mtambo wa Bi Tunu wa kuchuja maji ya bahari ulivyokomesha kipindupindu, na watu wakashangilia.

Jioni mkewe, Mwanaidi, alimpakulia wali.

"Baba Raya, leo umenikosha. Kesho nampigia kura Bi Tunu."

"Mke wangu! Ile ni sheria tu."

"Kumbe ulikuwa ukitudanganya?"

"Hasha! Yote ni kweli."

"Basi wanilaumia nini?"

Shaweji alitafuta kosa katika hoja ile, asilione. Akaendelea kula, huku akijiuliza yeye mwenyewe kesho angempigia nani.