Mkono Uliotangulia Kengele

Mkono wa mwanafunzi ulifika kwenye swichi ya injini ya kulia kabla kengele ya moto haijalia.

Mwalimu, aliyekaa nyuma yake ndani ya ile mashine inayoiga ndege, aliuona. Kidole kiliipapasa swichi taratibu, kama mtu anayembembeleza paka. Na mwenye kuiliza kengele ni yeye mwalimu, na alikuwa hajabonyeza kitu.

Huyu kajuaje?

Zoezi la leo alilipanga mwenyewe: moto injini ya kulia, mara tu ndege ikiacha ardhi. Kazini hakumwambia mtu. Na kesho kutwa kijana huyu angekabidhiwa ndege yenye watu.

"Tunapaa, mwalimu," alisema kijana, ametulia mno.

Mwalimu akahamisha kidole. Akawasha moto injini ya kushoto.

Kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka kushoto. Kijana, bila hata kuitupia jicho, akazima ya kulia, ile nzima. Mashine ikalala ubavu, ikatetemeka, ardhi ikajaa kwenye kioo, kisha giza.

Kijana akageuka, jasho likimchuruzika. "Lakini niliambiwa ni ya kulia!"

"Na nani?"



Simu ya mwalimu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mumewe, ambaye asubuhi, wakinywa chai, alimdadisi kuhusu zoezi hilo mpaka mwalimu akamwambia.

"Vipi, mama watoto? Kijana kafaulu?"

Hakuwa amemwambia kwamba kuna kijana.