Tramu ya Sebuleni

Kengele ilipolia, Tunu alikunja jamvi na kusukuma meza ukutani huku akisonya, maana sheria ya jiji inataka kila nyumba iliyo kwenye reli ipishe tramu. Ikaingia kwa mlango wa mbele, imejaa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma.

"Mnapita majumbani mwa watu bila hata hodi!" alifoka.

"Kengele ndiyo hodi yetu, dada," dereva akamjibu.

Kwenye dirisha la nyuma alikaa Chande, mumewe. Siku hizi wafanyakazi hulala kwenye mabweni ya kampuni, na tramu hairuhusiwi kusimama ila bwenini na kiwandani. Basi mwanamume wa watu hupita sebuleni kwake asubuhi na jioni bila kukanyaga sakafu. Tunu akamrushia chapati, naye Chande akaidaka, na tramu ikatokea mlango wa uani.

Binti yao, aliyefunzwa kuwaamkia abiria wote, alikuwa bado amesimama kando ya reli.

"Mama, yule abiria unayempa chapati kila siku, hana kwao?"

Tunu aliikokota meza hadi katikati ya reli, akaweka sahani tatu.

"Jioni atakula hapa," alisema. "Na wapige kengele mpaka ipasuke."