Mali ya Kampuni

Karani wa kampuni alichora msalaba mwekundu ukutani kwa Fidélie, rangi ikachuruzika hadi kwenye kizingiti alichokuwa amekipangusa asubuhi ile. Katika mtaa ule wa Kolwezi uliojaa vumbi, viatu vya karani ving'aavyo vilikuwa kama matusi.

“Mama, mutahama. Nyumba ni yako, lakini yote iko chini ya udongo ni ya kampuni.”

“Yote, tata?” Fidélie aliuliza, akimwita baba kwa heshima.

“Yote. Ni sheria. Ukichimba, umeiba.”

Kampuni ya zamani ya madini, alikochimba mume wake, ilipoanguka, ilimwachia mapafu mabovu na nyumba hii. Sasa hata nyumba imegeuka kifuniko cha kobalti ya watu.

Fidélie hakulia, majirani walikuwa wamelia vya kutosha. Alichukua ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba, akainua bati lililofunika shimo la choo, akachota. Alirudi polepole, asimwage hata tone.

Karani alisikia harufu kabla hajageuka.

“Miaka yote hii tunabawekea mali yenu chini ya udongo,” Fidélie alisema. “Hatukuiba hata kidogo.”

Akaiinua ndoo usawa wa kifua cha karani.

“Kamata, tata.”