Antena Tatu za Mtaa Wetu

Saa sita mchana, bwana wa televisheni alisimama barazani pangu hapa Likoni, akainua kichwa na kuhesabu antena juu ya mapaa.

"Tatu," akasema, akaandika. "Nyumba zote hizi, antena tatu. Habari za Pwani hazina watazamaji, mama. Zitaondolewa."

"Mwanangu, mtaa mzima hutazama kwangu. Huja na mikeka yao, wallahi."

"Wako wapi?"

Nikageuka. Mlangoni palikuwa na ndara zangu peke yake, moja nimeishona ukanda kwa waya.

"Mchana huu wako kazini. Ngoja saa moja jioni, nitakupikia mahamri."

"Hayo ni maneno, mama. Mimi napeleka hesabu."

Akafunika kalamu, akanishukuru, akaenda kuwahi feri. Adabu yake ile ilinikata maini.

Saa moja sebule ilijaa, watu wakabanana hadi barazani. Sauti ya msomaji habari niliisikia kwa mgongo tu. Nilikuwa nimechutama kizingitini nikihesabu ndara: jozi hamsini na nne.

Nikazihesabu tena polepole, kwa sauti, na hakuna aliyekuwa akiandika.